Mchungaji Mbonea na Ombolezo la Wafua Chuma

Ketini, enyi watu wa Kivindo, na mwenye mtoto ampakate, maana habari hii ni ya mtu aliyetupa vinywa vya kulilia wafu wetu, nayo haisimuliwi kwa haraka. Zilikuwa zama za babu zetu, barabara haijapanda mlima huu wa Upare, wakati wamisheni walipokuwa wametuletea Injili pamoja na tenzi za kwao, tenzi nzuri kwa kweli, ila mtu wetu akifiwa alizivaa kama nguo ya kuazima. Ndipo akazaliwa Mbonea, mwana wa Kiangi mfua chuma, mwana wa Sekiondo aliyefua jembe la kwanza lililolima bonde letu. Na huyu Mbonea hakufua chuma, alifua nyimbo.

Alikuwa na masikio, jamani! Wimbo aliousikia mara moja haukumtoka tena. Alipowekewa mikono kuwa mchungaji aliapa kwamba Kivindo itakuwa na kitabu chake cha nyimbo, akapanda milima na kuishuka kwa miguu, akiokota sauti za wachungao, za watwangao na za wabembelezao watoto, akizivika maneno ya Injili. Wala hakupitisha wimbo hata mmoja kabla ya kuwapa wanawake wauimbe wakipanda mteremko na kuni vichwani; palipowakata pumzi, alipafumua akapashona upya. Wamisheni walicheka, kisha wakaacha kucheka. Watu wakamwita Mkusanya Sauti, Simba wa Tenzi, Miguu Isiyolala. Mkewe Foibe alimwita Baba Nakunda, kwa jina la binti yao wa pekee, na ni yeye aliyeikanda kwa maji ya moto miguu hiyo isiyolala iliporudi imepasuka.

Lakini kitabu kilikuwa na pengo: hakikuwa na wimbo wa maziko. Ukoo wa wafua chuma ulikuwa na ombolezo lake la kale, lisiloimbwa ila maiti amelazwa ndani ya nyumba. Mbonea alikuwa amelelewa misheni tangu utotoni, hakuwahi kulisikia. Na alipokuwa mchungaji, kila alipoingia msibani waombolezaji walinyamaza, wakihofu kanisa litawakemea. Aliyebaki akilijua lote alikuwa mmoja tu, Nanzia, mama yake mzazi, kikongwe aliyekwisha meno. Mbonea akampigia magoti. Nanzia akasema, "Mwanangu, hata ukinibatiza mara ya pili, siimbi. Likiimbwa bure hujitafutia maiti." Mbonea akabaki na hofu kwamba mama atazikwa nalo.

Masika yakaja na homa, na homa ikamchukua Nakunda, msichana ambaye ndio kwanza ameanza kung'oka meno ya utoto. Wakamlaza mkekani. Safari hii mchungaji ndiye mfiwa, hakuna aliyethubutu kumnyamazia. Nanzia akaketi kichwani pa mjukuu wake, akafungua kinywa, na nyumba nzima ikavunjika kwa kilio. Foibe alikuwa ameishika miguu ya mwanawe, akainua macho kumtafuta mumewe ili walie pamoja. Akamwona mlangoni, ameinamia karatasi, anaandika.

"Baba Nakunda," akamwambia, "weka kalamu chini umtazame mwanao."

"Mama amezeeka," akajibu, wala hakuinua kichwa. "Nisipoliandika leo, halitasikika tena."

Akaliandika mpaka mwisho. Walipomfunika mtoto sanda, wino ulikuwa haujakauka.

Kitabu kikatoka, na mlima mzima ukawalilia wafu wake kwa ombolezo hilo, ambalo sasa liliitwa wimbo wa Nakunda. Waliofarijiwa hawahesabiki, nami sitaki kumpunguzia sifa yake. Lakini kila wimbo huo ulipoanzishwa, Foibe alijifunga kanga akatoka nje, akasimama peke yake mpaka uishe. Alimpikia mumewe, akamkanda miguu, akawa mke mwema, na miaka yote hiyo alingoja kitu kimoja tu: amwone akimlilia mtoto wao. Hakumwona. Kifua cha Mbonea kilipotaka kupasuka, masikio yalitangulia. Sauti ya ombolezo ikamjia, naye akajikuta anaipima na kuisahihisha, na machozi yakarudi yalikotoka.

Uzee ukamwangusha kitandani. Siku moja akamshika mkewe mkono.

"Mama Nakunda, namtafuta mtoto simwoni. Nikimwita, unakuja wimbo. Hebu niambie, uso wake ulikuwaje?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Foibe tangu miaka ile, jibu chungu kama shubiri. Akalimeza. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Paji la uso lilikuwa lako, pana. Nyusi zilikutana katikati. Akicheka, jicho la kushoto lilifumba kabla ya la kulia..."

Ndipo Simba wa Tenzi akalia. Alilia ovyo, kwa kwikwi na makamasi, bila sauti ya kwanza wala ya pili, na Foibe akaendelea kumweleza huku akimfuta. Alipofika kwenye mashavu ya mtoto, mkono aliokuwa ameushika ulilegea. Mbonea alikuwa amekwenda.

Siku ya maziko makanisa ya mlima mzima yalikusanyika, watu wakafungua vitabu kutafuta wimbo wake. Foibe akainua mkono. "Ngojeni kwanza." Akalisogelea jeneza, akainama, akasema kama mtu anayezungumza na mwenzake jikoni:

"Baba Nakunda, hukunisubiri nimalize. Kinywa chake kilikuwa kidogo. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka, akawa anaziba pengo kwa ulimi, anaona haya. Na hapa kidevuni alikuwa na kovu. Aliangukia jiwe, siku ile anakukimbilia unarudi safari."

Akanyoosha mgongo, akawageukia watu. "Haya, imbeni." Na siku hiyo hakutoka nje.

Ndiyo maana hapa Kivindo hatuanzi wimbo wa maziko kabla aliye karibu na marehemu hajasimama, vitabu vyote vikiwa vimefungwa, akatueleza uso wake kuanzia paji mpaka kidevu. Wengine hushindwa kusema, nasi huwangoja. Wageni hunung'unika kwamba tunachelewesha maziko, na jua linawaunguza makaburini. Acheni liwaunguze.