Mawe Yaliyoanikwa Juani

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walikuwa wanamtazama mhunzi aliyenuna, koleo likiwa vipande viwili mkononi, chuma kinawaka motoni, na mwenye jembe anangoja mlangoni. Wakamwambia: inuka, ndugu, moto bado unawaka. Kifaa kikivunjika, kilichovunjika ni kifaa. Kazi ingali pale pale, na mikono ingali na vidole vyake kumi. Asiyesadiki na amfuate Leonia.

Leonia alikuwa mkulima wa tumbaku katika kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Usoke. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini ufito wa mninga: ukiupinda, unakurudia usoni. Mwaka huo wa 1973 kijiji chao kilikuwa kimepata redio moja kwa ajili ya darasa la afya. Kila Alhamisi saa kumi jioni watu wazima thelathini walikaa juu ya magogo mbele ya bohari la tumbaku, wakasikiliza somo, wakabishana, kisha wakaenda kutenda walichofundishwa. Leonia ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi na mtunzaji wa redio.

Kazi hiyo hakuichukulia mzaha. Mwanawe wa pili alikuwa amemzika kwa ugonjwa wa kuhara. Siku redio iliposema kwamba maji ya kunywa yakichemshwa huokoa watoto, alichemsha ya nyumbani kwake siku mbili. Siku ya tatu alianza kupita mlango hadi mlango na kufunua mitungi ya watu. Waliomcheka walicheka, lakini masika yalipopita bila maziko ya mtoto hata mmoja, kicheko kilipungua.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Huyo alikuwa Mwenyekiti Mahona, mpenzi wa dansi na mpira, aliyeona kwamba redio inayosema kuhusu vyoo ni redio iliyopotea njia.

"Redio ni mali ya kijiji," alizoea kusema, "na kijiji ni mimi. Yaani, ni sisi."

Sasa, mawe ya redio, yaani betri zake, siku hizo yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Leonia alifanya kama walivyofanya wote kutoka Usoke hadi Choma: mawe yalipochoka, aliyapanga juu ya paa karibu na makopa ya muhogo, yakaota jua kutwa, kisha akayarudisha kazini. Nayo yaliamka kidogo, kama mlevi aliyemwagiwa maji. Aliyaanika hivyo miezi mitatu. Lakini mlevi naye ana siku yake. Alhamisi moja, katikati ya somo, redio ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Walipofungua mgongo wake, mawe yalikuwa yamevimba na kutoa ute mweupe kama kamasi.

Mahona alisimama kabla hata ute haujafutwa. "Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Alhamisi ijayo saa kumi redio hii isiposema, inahamia kwangu niitafutie fundi, na kikundi kinavunjwa. Wanaounga mkono?"

Mikono ikapanda, mingine kwa aibu. Leonia aliifunga redio kwenye kitenge, na Jumatano alfajiri akapanda treni kwenda Tabora.

Mtu aliyemwendea aliitwa Muhanna, wa mtaa wa Isevya. Kazi yake ilikuwa kupima kanga katika duka la ushirika. Redio ulikuwa ugonjwa wake tu. Hakulipwa, hakuombwa, lakini ushauri wake ulikutangulia mlangoni. Alikuambia waya wa antena uufunge juu ya mti gani, redio uiweke mbali na jiko kiasi gani, na kwa nini bendi fupi ni ya watu wenye subira na bendi ya kati ni ya wavivu. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na kovu jeusi. Alilipata siku alipofungua redio ya mjomba wake bila kuchomoa waya ukutani, umeme ukamrusha hadi uvunguni mwa kitanda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Usiniambie kitu, nipe niinuse." Muhanna alifungua mgongo wa redio, akanusa, akafumba macho kama mtu anayeonja pilau lililoungua. "Lahaula! Umeyaanika."

"Nimeyaanika."

"Mawe ni samaki?"

"Kila mtu anaanika, fundi."

"Na kila mtu ananiletea maiti. Sikiliza, mama, nakupa bure. Jiwe likichoka, litoe, usilibembeleze. Ukisafiri, toa mawe. Redio ikigoma, usiipige kofi, haijakukosea. Anza na kilicho rahisi: mawe yamekaa sawa? Waya umeshika? Redio haina shetani. Ni njia ya umeme tu, kama barabara. Njia ikikatika, jenga daraja. Basi."

"Basi jenga, nirudi na treni ya kesho asubuhi."

Muhanna aliufuta ute kwa pamba, akaonyesha: waya mwekundu ulikuwa umekatika, na viungo vitatu vya risasi ya kulehemia vilikuwa vimeliwa kama meno ya mzee. "Dogo hili. Viungo vitatu." Akachomeka ukutani chuma chake cha kulehemu, kile cha umeme alicholetewa na mjomba kutoka Maskati na ambacho mkewe hakuruhusiwa hata kukifuta vumbi. Chuma kikapata joto. Kikatoa moshi. Kisha kikalia *pwa!*, kikafa.

Muhanna alikigeuza, akakipuliza, akakipiga kofi.

"Ulisema isipigwe kofi," alisema Leonia.

"Hiyo ni redio! Hiki ni…" Akakiweka chini. "Mama, hadithi imeishia hapo. Kingine kama hiki Tabora nzima hakuna. Nikiandika barua Dar es Salaam, ni mwezi. Mimi nimesema siku zote na leo narudia: bila chuma cha umeme, redio haiguswi."

Leonia hakuinuka. "Babu yangu alifua majembe, fundi. Koleo lake lilipovunjika alikata ufito mbichi, akaupinda, akashikia chuma. Ufito uliungua, akakata mwingine. Aliniambia siku hiyo alifua majembe manne."

"Majembe si redio."

"Risasi inayeyushwa na nini?"

"Moto."

"Umeme ndio moto peke yake hapa Tabora?"

Kutoka nyumba ya tatu mlio wa nyundo juu ya bati ulijibu kabla ya Muhanna: *ko, ko, ko*. Pale alikaa Modest, fundi wa koroboi na ndoo, mwenye jiko la mkaa na kipande cha shaba kikubwa kama ngumi chenye mpini, ambacho alikipasha moto na kulehemu makopo. Leonia alitega sikio. Muhanna alikunja uso kama aliyelamba shubiri.

"Yule mtoboa makopo? Mama, miaka sita nawaambia watu: usimpelekee Modest redio!"

"Hatumpelekei redio. Tunamwendea moto."

Wakatangulizana, Leonia mbele, Muhanna nyuma kama mbuzi anayevutwa sokoni. Modest aliwaona, akaweka nyundo chini polepole ili aonje vizuri siku yake.

"Karibu, Bwana Muhanna. Umeleta ndoo inayovuja, au ni wewe unayevuja?"

"Modest, usinianze."

"Nisikuanze? Wiki jana nani aliniita mganga wa makopo mbele ya wateja?"

"Baba," Leonia alimkatiza, "gombaneni kesho. Leo nina watu thelathini na saa zinakimbia." Akaeleza kila kitu: redio, Mahona, Alhamisi saa kumi. Hakulia wala kubembeleza. Alipofika kwenye maji ya kuchemsha na mwanawe, alisema kwa sentensi moja tu. Modest aliacha kucheka, akaanza kupuliza mkaa kwa mvukuto.

Lakini mambo hayakwenda kama maji ya mtelemko. Shaba ya Modest ilikuwa kubwa mno. Kuipeleka ndani ya redio ni kama kumwingiza ndovu jikoni achukue kijiko. Muhanna akarudi kwake mbio, akaja na waya mnene wa shaba, akauzungushia ile ngumi mara saba na kuacha ncha ndefu, nyembamba kama mdomo wa chiriku. Wakaipasha moto. Ncha ilipofika redioni ilikuwa imepoa. Mara ya pili walizidisha moto. Risasi ilikimbia kama zebaki, na waya mwekundu ukapoteza ngozi yake.

"Basi, basi! Mtaiua!" alipiga kelele Muhanna.

Modest alinyoosha mkono kuchukua chupa yake ya tindikali. "Paka hii kidogo, risasi itashika kama kupe."

"Kwenye ndoo! Hapa itakula nyaya zote kabla ya Idi. Tumia risasi yangu, ina dawa yake ndani."

Mafundi hao wawili walitazamana, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita kila mmoja akaona kwamba mwenzake alikuwa anajua kitu.

Leonia ndiye aliyeona kosa. "Mnatembea mno. Moto uko huku, redio iko kule. Leteni jiko mezani." Jiko likaburutwa. Modest akavukuta, Leonia akaishika redio kwa magoti na mikono yote miwili bila kutikisika, cheche zikimrukia kwenye ngozi, na Muhanna akagusa: moja. Wakapasha tena. Mbili. Wakapasha tena. Tatu.

Muhanna akachomeka mawe yake mwenyewe. Redio ikakwaruza, kisha sauti ya mtangazaji ikajaa kibandani, ikisoma bei ya pamba. Hakuna aliyewahi kuifurahia bei ya pamba kiasi hicho.

"Mama," alisema Muhanna akitoa mawe yake na kumfungia redio kwenye kitenge, "springi ya chini, ile inayoshika mawe, imeliwa na kutu. Sina nyingine. Iombee."

Alhamisi mchana Leonia alishuka Usoke, akaanza kutembea kwa kasi, redio kifuani kama mtoto. Alipofika, magogo yalikuwa yamejaa, na Mahona alikuwa amekwishaleta kiti chake na kukiweka mahali pa redio. Ilikuwa bado dakika chache kufika saa kumi.

"Mwadila, mayo," wanawake walimpa salamu ya jioni kwa Kinyamwezi, wakimtazama mikono.

Alifungua kopo la unga alilolitunza bohari, akatoa mawe mapya manne aliyoyaficha kwa ajili ya somo la mwisho. Akayapanga. Akawasha.

Kimya.

"Ipige kofi!" alisema mmoja. "Itikise!" alisema mwingine. Mahona alijinyoosha kwenye kiti na kuwasha sigara. "Ndugu zangu, treni imekula muda wetu bure. Azimio ni azimio."

Leonia aliufungua tena mgongo wa redio. Muhanna alikuwa Isevya, mkaa ulikuwa Isevya, waya wa shaba ulikuwa Isevya. Lakini maneno alikuwa nayo. Anza na kilicho rahisi. Mawe yamekaa sawa? Yamekaa sawa. Waya umeshika? Umeshika. Akapitisha kidole chini, na springi ikamjia mkononi vipande viwili. Safari ya treni ilikuwa imeimaliza. Palipokuwa na springi palibaki pengo la upana wa ukucha. Njia ilikuwa imekatika hapo tu.

Akainua uso. "Ndugu Mwenyekiti, naomba pakiti yako ya sigara."

"Tangu lini unavuta?"

"Naomba."

Mahona alimpa, akicheka na kuwakonyeza wazee. Leonia alizipanga sigara juu ya mapaja ya mwenyekiti, moja moja, kwa adabu, kisha akachomoa ile karatasi inayong'aa kama fedha. Akaichambua kutoka kwenye karatasi nyeupe ya nyuma, akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, hadi ikawa kijiti kigumu. Akakisukuma kwenye pengo kwa ncha ya ukucha. Akafunga mgongo wa redio. Akawasha.

"…*wasikilizaji, karibuni tena katika darasa letu. Wiki hii…*"

Watu walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia mwituni. Bibi mmoja, aliyekuwa ameinua mkono juu zaidi ya wote siku ya azimio, aliinuka, akamwambia Mahona, "Baba, kiti chako kimekaa mahali pa redio." Mwenyekiti alikusanya sigara zake kutoka mapajani, akahamia kwenye gogo la nyuma. Na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya bali mpenda dansi tu, somo lilipofika kwenye maswali, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kuuliza maji yachemke kwa muda gani.

Wiki mbili baadaye Muhanna alipata barua yenye mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: *Fundi, springi ilikufa. Nimejenga daraja la sigara. Redio bado inasema.* Aliisoma kwa sauti barazani kwa Modest, mara mbili. Chuma kipya kutoka Dar es Salaam kilikuwa hakijafika, na redio sita za watu zilikuwa zimekwisha kulehemiwa kwa mkaa wiki hiyo pekee. Modest alivukuta, Muhanna akapasha shaba, na kutoka mezani redio ya saba ikaanza kuimba. Kwani, kama walivyosema wahenga nasi tumejionea, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.