Nakunda na Mashamba Yake Matatu

"Mbegu haisifiwi shamba moja." Nimewaambia hivyo kwa sababu mmerudi kutoka kwa jirani mkiyasifu mahindi yake tangu mlangoni, eti mwakani tupande hayo tu. Sasa mnaniuliza neno hilo nimelitoa wapi. Endeleeni kupukuchua, nami nitawaambia. Lilianzia hapa hapa kwetu, na ukoo wetu ndio uliobeba aibu yake.

Kijiji chetu tangu zamani kina ardhi ya namna tatu. Juu mlimani kuna ukungu na baridi, katikati kuna mteremko wenye mawe, na chini ni tambarare, kwenye jua lisilo na huruma. Baada ya kila mavuno watu walikutana kwa mkuu wa kijiji, kila nyumba ikileta hindi lake moja lililo kubwa kuliko yote. Lililoshinda lilivikwa ushanga, na mwenye nalo alipewa mguu wa mbuzi.

Mshindi alikuwa Senkondo, mwaka baada ya mwaka. Shamba lake lilikuwa chini kidogo ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, mahali ambapo zamani palikuwa na zizi la ng'ombe la babu yake. Pale hata mpini wa jembe ungechipua. Lakini Senkondo aliamini kwamba sifa yote ni ya mbegu yake, na kwa kweli alikuwa na maringo. Alikuwa akipita njiani amelipakata hindi lake la ushanga kama kitoto kichanga, ili kila mtu amuulize.

Mwaka mmoja wazee waliamua kwamba kijiji kizima kipande mbegu ya Senkondo tu. Mbegu nyingine zote zisagwe, zisije zikaichafua shambani. Watu wakapiga vigelegele. Mtu mmoja tu hakushangilia, naye ni Nakunda, mjane aliyeachiwa na mumewe vijishamba vitatu: kimoja mlimani, kimoja kwenye mawe, kimoja tambarare.

"Hindi hili limewahi kuona kiu?" aliuliza.

Watu waliangua kicheko, maana hindi alilokuja nalo yeye lilikuwa fupi kama ngumi. "Mwacheni na vigunzi vyake," Senkondo alisema. "Hata kinu kitavidharau." Kwa dharau hiyo mbegu ya Nakunda ikaponea kusagwa.

Masika yalipoingia, mvua ilinyesha majuma matatu, kisha ikakatika. Kule juu ukungu ulikaa mwezi mzima bila jua. Senkondo hakujua lolote, kwani ndiva ilimpa maji na ghala lake likajaa. Alichagua mahindi matano manono, akashuka tambarare kumwona binti yake Namwai aliyekuwa amejifungua, na pia kumringia mkwewe kidogo.

Alipofika alikuta shamba la mkwewe limejaa mabua marefu, makavu, yasiyo na hindi hata moja. Namwai alikuwa ameketi mlangoni na mtoto kifuani.

"Tulipanda mbegu yako, baba," alisema. "Ile yetu tuliisaga kama mlivyoagiza. Leo ni siku ya nne nakula mboga za porini tu, na maziwa yanakata."

Senkondo alikaa chini. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa. Alipoinua uso aliona ng'ambo ya njia shamba la mahindi mafupi, kila bua limebeba, na Nakunda katikati yake akivuna.

"Dada, umeyapa nini haya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitayapa nini, na maji ya kunywa yenyewe nayafuata mlimani?" Nakunda alijibu. "Kila mwaka huchukua hindi, nikagawa punje zake mafungu matatu. Fungu moja hapa, moja kwenye mawe, moja kule kwenye ukungu. Nafunga mafundo kwenye kamba nisisahau lipi ni la hindi lipi. Likistawi hapa likafa kule, nalila, hata liwe refu kama mkono. Likizaa kote, hata kwa kiasi, hilo ndilo mbegu. Mwaka wa tisa huu."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliuliza, mkacheka. Hindi lako si baya, kaka. Limedekezwa tu."

Kisha alimjazia Namwai kapu la mahindi.

Siku ya pili Senkondo aliita watu. Wengi walikuja wakidhani wanakwenda kusikiliza majivuno. Yeye alifungua ghala lake mbele yao. "Kuleni humu mpaka mavuno ya vuli," alisema. "Mbegu msiniombe mimi, mwendeeni Nakunda. Mimi nilisifu mbegu, kumbe nilikuwa nasifu zizi la babu yangu. Mbegu haisifiwi shamba moja."

Nakunda aligawa kibaba kimoja kwa kila nyumba. Vuli ilikuwa haba, lakini juu walivuna, kwenye mawe walivuna, na tambarare walivuna. Hakuna nyumba iliyozika mtu kwa njaa. Tangu hapo hindi halikuvikwa tena ushanga mpaka ndugu zake wawili, mahindi ya mbegu ileile kutoka mashamba mengine, wawekwe kando yake.

Senkondo alikuwa babu yangu, mzaa mama. Kile kichanga kilichokuwa kinanyonya titi linalokauka ni mimi, na meno haya machache niliyobaki nayo yaliota kwa uji wa vigunzi vya Nakunda.

Mahindi ya jirani ni mazuri, nimeyaona. Na shamba lake liko wapi? Chini ya ndiva. Basi kesho nendeni mkamwombe hindi moja, mligawe mafungu matatu, na kamba ya mafundo nitawapa mimi. Mbegu haisifiwi shamba moja.