Mama Nungunungu na Kifungu cha Silaha

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika uji na kufagia nyua zao kama sisi, nchi ya Msitu Mpana ilikuwa inaandika katiba yake. Iliandikwa kwenye shina la mkuyu, na mwandishi alikuwa Mama Nungunungu, kwa sababu mwiba wake ulichora herufi nzuri kuliko zote.

Vifungu vya maji na njia vilipita bila ugomvi. Ndipo akasimama mwenyekiti wa baraza, Mzee Chui, akasema kwa upole kwamba nchi haiwezi kuwa na amani wakati kila nyumba ina silaha. Basi zote zikabidhiwe kwake: Swala alete pembe zake, Nungunungu alete miiba yake.

"Na wewe, Mzee, utaleta nini?" Swala akauliza.

Chui akanyoosha viganja vyake, laini kama pamba. "Mimi nina nini, mwanangu? Tazameni nyayo zangu hapo vumbini. Mmeona kucha?"

Wakatazama. Nyayo za Fisi zilikuwa na alama za kucha. Za Chui zilikuwa za mviringo tu. Wengi wakaanza kukubali.

Mama Nungunungu akawakumbuka wanawe. Shimoni kwake aliacha watoto watatu, miiba yao bado laini, na wiki nzima alikuwa akizikuta nyayo hizo za mviringo mlangoni pake. Akijivua miiba leo, kesho hatakuwa na mtoto wa kupikiwa uji.

Hakubisha. Aliinama kwa adabu, akasema, "Mzee wangu, kifungu kizito hivi hakifai kukaa huku chini pamoja na mambo ya maji. Weka sahihi yako juu kabisa, kwenye lile tawi, kila apitaye akuone wewe kwanza."

Chui akavimba kichwa. Akaurukia mti, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka karibu na tawi.

Walio chini wakainua macho. Kwenye gome jeupe la mkuyu palikuwa na mistari mirefu, minne minne, imechimba mpaka utomvu ukatoka.

"Mzee," Mama Nungunungu akauliza, "asiye na kucha amepandaje?"

Chui akatazama chini, akaona mistari yake. Kwa aibu akazificha kucha haraka, akasahau kwamba ndizo zilizomshika mtini. Akaporomoka, puu, katikati ya baraza. Swala akaanza kucheka, na wote wakafuata.

Mama Nungunungu akachomoa mwiba, akaandika kando ya mistari ile: "Kila mnyama atabaki na silaha aliyozaliwa nayo, alinde nyumba yake, na hakuna mkubwa atakayemvua."

"Usijisumbue kupanda tena, Mzee," akasema. "Sahihi yako ipo tayari."

Baraza likapitisha. Akarudi nyumbani kifua mbele, miiba ikilia chakacha, chakacha, na watoto wakamtambua kabla hajafika mlangoni.

Nanyi, wanangu, mtu akiwataka muweke chini silaha zenu, kwanza mwambieni aonyeshe za kwake.