Uji wa Mkawasi na Vidonge Vitatu

Sogeeni, na mwenye simu aifunike. Jibu la fumbo hili haliko mtandaoni.

Huko Wundanyi walikuwako watu watatu. Saru, kifungua mimba, alijaliwa subira: angeweza kumbembeleza punda apige mswaki. Nyange, mumewe, alijaliwa mdomo; haogopi koti jeupe wala mlango ulioandikwa "No Entry". Na Wakesho, kitinda mimba, alijaliwa macho ya kuhesabu. Ana digrii ya takwimu, second class upper, na miaka minne ya kuambiwa na waajiri "we will get back to you". Hawajamrudia.

Mama wa dada hao wawili, Mkawasi, aliwapikia uji watoto wa shule ya msingi miaka thelathini. Kisha kusahau kukamwingia, ule ugonjwa wenye vitabu huuita dimensia, halafu kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Alitoka hospitali akijikongoja, na mfuko wa dawa aina tisa. "Kiharusi hurudi," waliambiwa. "Dawa zisikatike."

Sasa, nyumba ile ina mila yake: mama akisema hajapewa, habishiwi; anapewa. Kila asubuhi Saru alimpa dawa. Saa nne Nyange akipita, anaambiwa, "Baba, hawa watoto hawajanipa dawa." Naye akampa. Heshima hiyo! Nusura imzike.

Wakesho ndiye aliyeona. Mikono ya mama ina madoa ya zambarau, fizi zinavuja damu. Akamwaga vidonge mezani, akavihesabu mara mbili. Siku ya tisa tangu atoke hospitali, na paketi ya siku thelathini, kidonge kimoja kwa siku, imebaki na kumi na mbili.

"Nani amempa leo?"

"Mimi," akasema Saru.

"Na mimi," akasema Nyange.

"Congratulations. Mnamuua kwa zamu."

Siku hiyo hiyo Nyange alimpeleka mama kliniki. Daktari alimpima damu, akakunja uso, akaanza kuandika dawa zile zile. Nyange akaweka kiganja juu ya karatasi.

"With due respect, daktari. Mama huyu hata jina langu hulisahau. Katika hizi tisa, ipi inazuia kiharusi na ipi inajaza mfuko?"

Daktari alitaka kufoka, akaishia kucheka. Alivuta kiti, akazipitia moja moja. Zikabaki tatu: ya kuzuia damu kuganda, ya presha na ya mafuta kwenye damu. Zote asubuhi, mara moja tu.

Tatu hizo mama akazitema.

"Mgonjwa ni wewe!" alimwambia Saru. Siku tano mfululizo. Wakesho alitoka nje akalia, maana kila kidonge kilichotemwa aliona ni mlango ulioachwa wazi kwa kiharusi.

Ndipo Saru akakumbuka: mama hajawahi kutia kitu kinywani kabla foleni ya watoto wa shule haijaisha. Asubuhi ya sita alishika kikombe, akasimama mbele ya sufuria.

"Mpishi, naomba uji."

Mkawasi akanyooka. "Panga mstari!"

Wakesho akasimama nyuma. Nyuma yake Nyange, mwanamume mzima na masharubu yake, kikombe cha plastiki mkononi. Mama aliwapakulia kwa mkono wa kulia, kisha akaketi, zamu ya mpishi, akanywa uji wake na vidonge vyake vitatu.

"Jiko limefungwa," akatangaza. Hakuomba tena hadi kesho yake. Na kila asubuhi ikawa hivyo.

Miezi minane baadaye daktari akasema presha ni nzuri, damu haivuji, kiharusi hakijarudi. Wakesho alikaa kwenye benchi la kliniki akacheka hadi machozi.

Walipofika nyumbani akili ya mama ilikuwa imetulia. Alimfungua ndama wake jike, akashika kamba.

"Mpeni aliyeniokoa. Mmoja tu, ng'ombe hai hagawanywi."

"Ni nani, mama?"

Akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu. "Si mnamjua nyinyi?"

"Bila mdomo wangu," Nyange akasema, "mngekuwa mnamlisha tisa mpaka leo."

"Na tatu zingekuwa mate sakafuni," Saru akajibu.

"Na bila macho yangu," akasema Wakesho, aliyemtamani ndama kuliko wote, "mngekuwa mnabishana matangani."

Wakaangua kicheko wote, na mama naye, bila kujua kinachochekwa. Kamba bado iko mkononi mwake.

Haya, wewe unayesikiliza: ungempa nani? Na usiniambie "inategemea".