Nani Amfunge Nyemo Njuga?

Hapo zamani zisizo mbali, hospitali zikiwapo na umeme ukikatika, aliishi mcheza ngoma aitwaye Nyemo. Akicheza, waliokaa walisimama, na waliosimama walisahau walikokuwa wakienda.

Siku moja akaruka, akatua vibaya. Gegedu la goti, ule utando mgumu unaoteleza kati ya mfupa na mfupa, likachanika. Nyemo akawa mtu wa fimbo. Ngoma ikilia, alifunga dirisha.

Madaktari wakasema, "Tumwekee goti la chuma."

Daktari Lukresia, mpasuaji, akakataa. "La chuma litamfikisha sokoni. Ngomani halimfikishi." Wenzake wakamcheka. Akaanza kutafuta gegedu changa la binadamu.

Siku hizo Mama Chiduo alijifungua mtoto mwenye kidole cha sita. Kidole kikakatwa, na Daktari Lukresia akamwomba ampe. Kwao kiungo cha mtoto huzikwa uani, na mama mkwe alishachimba shimo. Mama Chiduo akapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Kuna mtu kitamfaa." Mama mkwe akanuna wiki nzima.

Kidole kikafika kwa Yoeli wa maabara. Akatoa humo kipande cha gegedu kama punje ya mtama, akazitenganisha chembe zake hai, akazilea katika visahani vya maji ya lishe, ndani ya kabati lenye joto la mwili. Ukungu ukaingia, ukaziua karibu zote.

"Tupa," wakamwambia.

Hakutupa. Kisahani kimoja kilikuwa safi, akaanza upya nacho. Aliahirisha hata harusi yake. Chembe zikazaana, zikashikana, zikawa utando mweupe kama wa juu ya maziwa yaliyochemka. Daktari Lukresia akaupandikiza gotini.

Nyemo akatembea. Baadaye akakimbia. Asubuhi moja akacheza peke yake jikoni mpaka ugali ukaungua, akacheka huku machozi yakimtoka.

Kwao, mchezaji aliyepona hufungwa njuga mguuni na mtu mmoja tu, yule aliyemrudisha, kisha wawili hao hufungua ngoma. Nyemo akawaalika wote watatu. Wote watatu wakazishika njuga.

"Wote walitaka chuma," akasema Daktari Lukresia. "Ningenyamaza, leo ungekuwa unatazama."

"Ungenyamaza au ungesema, ungepandikiza nini?" akauliza Mama Chiduo. "Ni mwili wa mwanangu huo, daktari. Nimeugombania nyumbani kwangu."

Yoeli akatabasamu. "Mlichonipa kilikuwa punje, nacho kilikufa karibu chote. Mimi ndiye niliyekilea kikawa goti. Mchumba wangu yule pale, muulizeni."

Watu wakacheka, wapiga ngoma wakaanza kugonga taratibu. Nyemo akaunyosha mguu wake, akawatazama mmoja mmoja. Njuga ni za mguu mmoja, na wa kuzifunga ni mmoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapa: nani alistahili kumfunga?