Pazia la Pembetatu

Kuna vitu tunavyovihitaji ambavyo havifikiwi na mtu aliyesimama wima. Anayevitaka hushuka chini kuvitafuta, hata watu wakimtazama. Arlys Tollefson, mjane wa miaka sitini na minane, alichelewa kuujua ukweli huo, na kuchelewa kwake kulimgharimu shuka.

Mwezi wa Septemba aliuza shamba alilolima na marehemu mumewe, Vernon, akahamia kijumba kando ya ziwa, katika jimbo lilo hilo la Minnesota, Marekani. Kijumba chenyewe kilikuwa kama paa tupu lililowekwa ardhini, kuta zake mbili zikiteremka mshazari kutoka kileleni hadi chini. Mbele kulikuwa na madirisha mawili ya pembetatu, marefu kuliko mtu, yaliyotazamana na jiko la jirani. Kila jioni Arlys aliandaa sahani moja, na jirani aliiona hiyo sahani moja.

Jirani huyo, Wynona Pruitt, alikuwa mtu wa Texas, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya Novemba ambayo Wamarekani hula bata mzinga pamoja, alimwita Arlys kutoka kizingitini kwake.

"Jirani! Alhamisi hatuna makuu. Bata mzinga yupo, kila mtu anakuja na bakuli lake. Njoo basi!"

"Aa, usijisumbue," Arlys akajibu. "Nitakuwa na wageni."

Wageni hakuwa nao. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwisha kupiga simu kutoka Arizona kwamba safari imeshindikana. Lakini Arlys alilelewa na watu ambao kwao mwaliko hukataliwa mara mbili kwa adabu, ukakubaliwa mara ya tatu kana kwamba umelazimishwa. Akangoja mwaliko wa pili. Alingoja siku tano, akangoja kumi. Wynona alimpungia mkono tu kila asubuhi na kumwuliza wageni wanafika lini.

Sasa uongo ukataka pazia. Alhamisi ikifika jirani angeiona meza isiyo na mgeni, na Arlys aliona heri afe kuliko kuonewa huruma. Akaenda duka la mapazia mjini, akaeleza umbo la madirisha yake.

"Mama, fimbo ikikaa mshazari, pazia lote litateremka lirundikane pembeni," muuzaji akamwambia.

"Sasa wenye nyumba kama yangu wanafanyaje?"

"Wanaacha wazi, mama. Wanapenda kuona ziwa."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Kitambaa pekee kilichokuwa kipana vya kutosha kilikuwa shuka aliyolalia na Vernon kwa miaka arobaini. Aliikata huku machozi yakimdondoka, akashona pembetatu mbili, na Alhamisi asubuhi akapanda ngazi akazipigilia misumari midogo ukingoni.

Zikatosha barabara. Hakuna jicho la mtu lililoweza kuingia tena. Arlys akaketi gizani mbele ya sahani yake, akisikiliza friji inavyonguruma. Nje milango ya magari ilifungwa, watu wakacheka, mtu akauliza pai iwekwe wapi. Alikuwa amefaulu kujificha, na hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Alikaa hivyo hadi chakula kikapoa. Kisha akapiga moyo konde, akachukua bakuli lake la viazi vya kuoka, akavuka ua.

"Jirani!" Wynona akashangaa mlangoni. "Na wageni wako?"

"Sina wageni. Sikuwa nao tangu mwanzo. Nilikudanganya, nikawa nangoja unialike tena."

"Tena? Si ulikataa mwenyewe!"

"Kwetu kukataa mara ya kwanza ni adabu tu."

"Bibi wee! Kwetu ukikataa, kiti chako tunampa mwingine!" Wynona akaangua kicheko, kisha akayaona macho ya Arlys yakilengwa na machozi. Akalipokea bakuli. "Viti vimekwisha kweli. Kimebaki kigoda cha mwanangu, kifupi, karibu unakalia sakafu. Utakaa?"

Watu kumi na mmoja waligeuka kutazama. Arlys, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukubali kitu kwa mara ya kwanza, alisikia masikio yakimwaka moto.

"Nitakaa," akasema.

Akajikunja taratibu hadi chini, magoti yakamfika kidevuni, na watu asiowajua wakaanza kumpitishia sahani kutoka juu. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.