Boga la Mtoto wa Chui

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na chungu motoni.
— Kilipikwa nini?
Boga.
— Na nyama je?
Nyama ilikuwa hai, yapiga makelele.
— Basi pakua, nasi tule!

Haya, sogeeni. Zamani hizo Bi Pimbi alikaa mwambani na watoto wake, na chini ya mwamba alikuwa na bustani ya maboga, kunde na matembele. Bi Pimbi mnamjua: mkia hana, shingo hana, mwili wake wote waenea kwenye kikapu. Lakini ulimi, jamani! Mungu alimnyima mkia akamwongezea ulimi.

Asubuhi moja watoto wakiota jua, pu! Mama Chui akatua mwambani. Watoto wakakimbilia pangoni. Akabaki kitindamimba, Chubwi, chini ya wayo wa Chui.

"Mama!" akalia Chubwi.

Bi Pimbi akatoka mbio. Akaona Chui hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwapo mwanawe Madoa, ndiyo kwanza anakwenda tata, na mbavu zake zilionekana zote.

"Nimemwachisha ziwa, na kila nyama aitema," Chui akasema. "Nimempa swala, ptuu! Nimempa mbuzi, ptuu! Huyu wako laini labda atapita."

"Mama Madoa, mwenzangu, kwani hukufundwa?" akasema Bi Pimbi. "Mtoto wa kuachishwa ziwa haanzi kwa kula, huanza kwa kutazama. Mama huonja kwanza, mtoto akimwangalia mdomo. Akimeza, husema, 'Tamu!' Ndipo mtoto naye hula. Na chakula cha kuanzia ni boga. Nyama itamkaba."

Hilo la kuonja lilikuwa kweli, ndivyo alivyowalea wanawe wote. Hilo la boga lilimjia mdomoni tu, maana boga ndilo lililokuwa motoni.

"Mimi Chui, nile boga?"

"Mlaji ni mtoto, mwenzangu. Wewe waonja tu."

Chui akafikiri. "Haya. Lakini wako namfungia pangoni kwangu. Wangu asiponenepa, nakula wako."

Bi Pimbi akaponda boga. Chui akaonja. Akakunja uso. Madoa naye akakunja uso, ptuu!

"Usikunje uso! Anakutazama!"

Chui akaonja tena. Akameza. Akajikaza kisabuni, akasema, "Tamu!" Madoa akamtazama mdomo, akaonja: nyam, nyam, nyam. Akanyoosha kiganja, ataka tena.

Bi Pimbi akaduwaa. Uongo alioutunga kwa hofu ulikuwa umegeuka kweli mbele ya macho yake! Mtoto wa chui amejipaka boga mpaka masikioni, na anacheka.

"Sasa tuihame nyama na wewe, polepole, maana anakutazama mdomo," akasema Bi Pimbi. "Mtu hahami nyumba kwa siku moja. Hupeleka jungu kwanza, kisha mkeka. Asubuhi boga. Mchana na jioni, kula nyama yako kama kawaida."

Asubuhi ikawa boga. Chui akaonja, akameza, akasema, "Tamu!" Mtoto: nyam, nyam, nyam.

Mwezi ulipoandama, mchana ukawa wa kunde. Chui akaonja, akameza, akasema, "Tamu!" Mtoto: nyam, nyam, nyam.

Mwezi mwingine ulipoandama, jioni ikawa ya matembele ya nazi. Chui akaonja, akameza, akalamba sahani, akasema hakulamba. Mtoto: nyam, nyam, nyam.

Mbavu za Madoa zikapotea. Manyoya yakang'aa. Akawa anacheza na watoto wa Bi Pimbi pale pale mwambani, na kila siku Bi Pimbi alishika shavu akisema, "Subhanallah! Macho yangu ndiyo yaonayo haya?" Ila usiku hakulala, maana Chubwi alikuwa bado kwa Chui.

Sasa, mzoea nyama haachi kunusa upepo. Siku moja Chui akasema aenda mtoni kunywa maji. Akarudi ajilamba sharubu. Akaketi, akaonja boga, akasema, "Tamu!" Madoa akaunusa mdomo wa mamaye. Ptuu! Akageuza uso.

"Mama Madoa, umepitia wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni siku hizi kuna mbuzi?"

Chui akaona haya, na haya ikageuka hasira. "Umeniroga, wewe Pimbi! Ndege wananicheka! Mimi, mla majani? Leo basi!" Akaenda pangoni kwake, akarudi akimburuta Chubwi, akamkanyaga, akapanua kinywa, aaaa!

Bi Pimbi akatafuta neno. Lile domo lote, siku hiyo likakauka. Akabaki amesimama, akimtazama mwanawe.

Ndipo Madoa akaja. Alimwona mama amepanua kinywa, akadhani ana njaa. Akachota boga kwa kiganja. Akaonja kwanza yeye. Akameza. Halafu yule mtoto, ambaye hajapata kutamka neno tangu azaliwe, akasema:

"Tamu!"

Akamtia mama boga kinywani, akamtazama mdomo.

Chui alisimama na boga ulimini, machozi yakamlengalenga. Polepole, nyam. Nyam. Akameza. Wayo ukainuka, na Chubwi akamrukia mamaye.

"Mama Chubwi," akasema Chui kwa sauti ndogo, "umesikia? Amesema."

"Nimesikia, mwenzangu," akajibu Bi Pimbi. Alimkumbatia mwanawe, akalia, na mwenyewe hakujua kama ni kwa furaha au kwa ajabu ile.

Tangu siku hiyo Mama Chui hakugusa nyama. Alikula maboga, akala kunde, akala matembele. Yalipokwisha akala maua, akala majani, akang'oa na mizizi. Tumbo la chui si tumbo la pimbi, wenzangu! Bustani ikabaki nyeupe, na Bi Pimbi akawa anakwangua ukoga wa mwambani apate kula.

"Mwenzangu," akambembeleza siku moja, "kambuzi kamoja tu, kadogo, hutamani?"

Chui akamziba Madoa masikio. "Astaghfirullah, Mama Chubwi! Mbele ya mtoto?"

Basi fundisho ndilo hilo: chui akija mlangoni kwako, mpe nyama upesi. Ukimzoesha mboga, mtakufa njaa.

Na hadithi yangu ikiwakaa vizuri tumboni, ni yenu nyote. Ikiwavimbisha, ni yangu peke yangu.